Sayansi Katika Lugha ya Kujifunza

Mtoto wa mkulima huwa amejua sayansi nyingi kabla hajavuka kizingiti cha darasa. Ajua kwamba mahindi yaliyoota kivulini hurefuka yakawa membamba na yenye rangi hafifu. Ajua kwamba maziwa yaliyoachwa katika kibuyu huganda, na ya kwamba jembe lililosahauliwa nje wakati wa mvua hushika kutu. Amemwona ng'ombe mwenye kupe wengi akipatwa na homa hata matezi yake yakavimba. Katika mambo hayo umo mwanzo wa elimu ya mimea, ya wanyama na ya kemia.

Walakini mtoto huyo huyo akiingia katika darasa ambamo sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, mara nyingi hukaa kimya kama mtu asiyepata kuona mmea wala mnyama. Muhula ukiisha, taarifa ya shule yasema kwamba yeye ni dhaifu katika sayansi. Mzazi aliyelipa karo kwa jasho la shamba au kwa mshahara wa ukarani huisoma taarifa hiyo kwa huzuni, akamhimiza mwanawe aongeze bidii. Bidii ni jambo jema, lakini yafaa kwanza kuuliza: je, mtoto huyu ameshindwa na sayansi, au ameshindwa na lugha ambayo sayansi imevikwa? Maradhi hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

LUGHA ZA SHULE

Katika miaka ya 1950 watoto wengi wa Kiafrika katika Kenya walianza masomo yao kwa lugha ya nyumbani au kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kikashika kazi ya kufundishia katika madarasa ya juu. Mwaka wa 1957 ulianzishwa Nairobi, katika shule za watoto wa Kiasia, mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na baadaye mpango huo ukaenea katika shule za Waafrika. Tume ya elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde iliukubali katika taarifa yake ya mwaka wa 1964. Mwaka wa 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilishauri kwamba watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayosemwa mahali shule ilipo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, nao wafuata njia hiyo: lugha ya mahali kwa madarasa matatu, kisha Kiingereza.

Huko Tanzania utaratibu ni mwingine. Tangu mwaka wa 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza huanza kazi hiyo katika shule za sekondari. Mwaka wa 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kitumiwe katika sekondari pia, lakini shauri hilo halikutekelezwa.

Nchi hizi mbili zimepita njia tofauti, lakini jambo moja ni sawa kwao. Mahali pale ambapo sayansi huanza kuwa ngumu, ndipo na lugha hubadilika. Mtoto hupandishwa ngazi mbili kwa hatua moja.

MANENO YENYE SURA MBILI

Watu wengi hudhani kwamba shida ya mwanafunzi ni yale majina marefu ya kitaalamu, ambayo hata mtu mzima huyatamka kwa kusitasita. Kwa kweli majina hayo si adui mkubwa. Ni mageni kwa kila mtoto, awe amezaliwa Kisumu au London, na kwa kuwa mwalimu ajua kwamba ni mageni, huyaandika ubaoni na kuyaeleza. Maneno ya hatari ni yale mafupi ambayo mtoto adhani ameyajua tayari.

Neno "conductor" lafaa kwa mfano. Mtoto wa Kenya amelijua kwa umbo la kondakta, yule mtu anayekusanya nauli katika basi. Siku moja asikia kwamba waya wa shaba ni "conductor" mzuri. Au neno "mass": kwa mtoto aliyelelewa karibu na misioni ya Kikatoliki, hiyo ni Misa ya Jumapili, lakini katika fizikia ni kipimo cha wingi wa kitu chenyewe. Neno "cell" ni chumba cha mahabusi katika kituo cha polisi, tena ni jiwe la tochi, tena ni chembe ndogo iliyojenga mwili wa kila kiumbe. Neno "plant" ni mmea, na pengine ni kiwanda. Mwalimu asipoonya kwamba neno limebadili kazi, mtoto huandika alichosikia, akakariri asichoelewa, na siku ya mtihani huangushwa na neno alilolidhani rafiki.

Shida hii si ya Waafrika peke yao. Katika miaka ya 1980 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Cassels na Johnstone, waliwapima wanafunzi ambao Kiingereza ndiyo lugha ya mama zao. Waliona kwamba hata hao hukosea maneno ya kawaida yanapotumiwa katika maswali ya sayansi. Walipobadili maneno machache ya swali, wakaweka yaliyo rahisi zaidi, wanafunzi wengi zaidi walipata jibu, na sayansi iliyoulizwa ilikuwa ile ile. Basi ikiwa mtoto wa Uskoti hujikwaa juu ya maneno ya lugha yake mwenyewe, yule anayejifunza lugha hiyo hujikwaa mara ngapi?

KISWAHILI NACHO KINA MITEGO

Wala si haki kuitupia lawama yote lugha ya Kiingereza. Lugha ya nyumbani nayo hupanga mambo kwa njia yake, na njia hiyo si lazima iwe sawa na ya sayansi. Hakuna kasoro katika jambo hilo. Kila lugha ilifanywa kwa mahitaji ya watu wake.

Neno nguvu, kwa mfano, lachukua mizigo mingi. Anayesukuma mkokoteni hutumia nguvu, mgonjwa aliyepona hurudiwa na nguvu, injini ina nguvu, na umeme pia una nguvu. Sayansi huvitenga vitu vitatu. Kwanza kuna msukumo au mvuto, ambao siku hizi wataalamu wa Kiswahili huuita kani. Pili kuna nishati, nayo ni uwezo wa kufanya kazi. Tatu kuna upesi ambao kazi hiyo hufanywa. Ikiwa wachukuzi wawili wapandisha magunia ya mahindi ya kilo 90 katika ghala lenye kimo cha mita 2, na mmoja atumia sekunde 5 hali mwenzake atumia sekunde 10, basi magunia yote mawili yamepewa nishati sawa, kama jouli 1,800. Lakini wa kwanza amefanya kazi kwa upesi mara mbili, yaani wati 360, na wa pili wati 180. Mkulima akiambiwa kwamba wote wawili wametumia nguvu, hakudanganywa, ila hajaambiwa ni nguvu ipi.

Neno joto ni vivyo hivyo. Kijiko cha maji yanayochemka na debe la maji ya vuguvugu, kipi kina joto zaidi? Kipimajoto kitapanda juu zaidi katika kijiko, lakini joto lote lililomo katika debe ni jingi kuliko la kijiko. Sayansi hutaka maneno mawili mahali ambapo desturi ilitosheka na moja. Neno uzito nalo huchanganya wingi wa kitu na mvuto wa dunia juu ya kitu hicho. Gunia la kilo 90 likipelekwa mwezini litakuwa na mahindi yale yale, walakini mvuto wake utakuwa kama sehemu moja ya sita tu ya ule wa hapa duniani.

Mfano ulio karibu zaidi na mfugaji ni neno mdudu. Katika Kiswahili nzi ni mdudu, buibui ni mdudu, kupe ni mdudu, na hata vijidudu vya maradhi visivyoonekana kwa macho huitwa kwa jina hilo. Katika kitabu cha sayansi, kundi la nzi ni la wale wenye miguu sita. Buibui ana miguu minane, kwa hiyo hayumo. Kupe mzima naye ana miguu minane, hayumo pia, ijapokuwa anapotoka katika yai huwa na miguu sita tu. Jambo hili si mchezo wa majina. Aletaye ndigana kali kwa ng'ombe ni kupe, lakini kiletacho ugonjwa wenyewe ni kijidudu kidogo sana kilichomo ndani ya kupe huyo. Mtoto anayetafsiri vyote viwili kwa neno mdudu hataelewa kwa nini kuogesha ng'ombe josho ni kinga, na si matibabu ya mnyama aliyekwisha kuugua.

NDIYO NA SIYO

Pana mtego mwingine ambao umewapotosha walimu wengi, hasa waliotoka nchi za mbali. Mwalimu ashika sumaku, auliza kwa Kiingereza: je, sumaku haivuti shaba? Mwanafunzi ajibu "yes". Mwalimu hutikisa kichwa, akaandika kosa. Lakini mwanafunzi ametumia kanuni ya Kiswahili, ambayo kwayo neno ndiyo lamaanisha: naam, ni kama ulivyosema, haivuti. Katika Kiingereza jibu hilo hilo hutakiwa kuanza na "no". Mtoto alijua sayansi yake barabara, akanyimwa alama kwa sababu ya sarufi. Dawa yake ni rahisi: mwalimu aache kuuliza kwa kukanusha. Aulize, katika vitu hivi vitano, vipi huvutwa na sumaku?

Hali kadhalika kuna vile viungo vya sentensi ambavyo huonekana vidogo, navyo ndivyo vinavyobeba hoja nzima: "unless", "although", "whereas", "therefore". Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Australia, Paul Gardner, alivichunguza viungo hivyo akaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuvimudu, hata wale waliozaliwa katika Kiingereza. Mwanafunzi akisoma kwamba chuma hakishiki kutu "unless" pana hewa na maji, naye ajua maneno yote isipokuwa hilo moja, aweza kutoka na maana iliyo kinyume kabisa. Ataamini kwamba hewa na maji hukilinda chuma, kisha atashangaa kuliona jembe la baba yake.

MISUMARI MITATU

Yafaa sasa kueleza jinsi mwalimu hodari afundishavyo jambo hilo la kutu katika darasa la watoto wanaojifunza Kiingereza. Vyombo vyake ni chupa tatu, misumari mitatu mipya, mafuta kidogo ya kupikia na dawa ya kukausha hewa. Katika chupa ya kwanza hutia msumari pamoja na dawa hiyo, kisha huifunga, ili msumari upate hewa bila maji. Katika chupa ya pili hutia maji yaliyochemshwa kwa muda ili hewa itoke, akaweka msumari, akamimina mafuta juu yake ili hewa isirudi. Katika ya tatu huweka maji ya kawaida na kuiacha wazi.

Kabla ya kusema neno lolote la Kiingereza, huwauliza watoto wabashiri ni msumari upi utakaoshika kutu. Huwaruhusu wabishane katika vikundi vya watu wanne wanne kwa lugha wanayoiweza, na mahali ambapo makabila yamechanganyika, Kiswahili huwaunganisha. Huu ndio wakati wa kufikiri, na mtu hufikiri vizuri zaidi kwa lugha isiyomtoa jasho. Baada ya siku kadhaa chupa hutazamwa. Msumari wa tatu ndio ulioshika kutu. Miwili ya kwanza ingali inang'aa.

Hapo ndipo Kiingereza huingia, nacho huingia juu ya jambo ambalo kila mtoto ameliona kwa macho yake. Mwalimu huandika ubaoni maneno sita au saba tu, si ishirini. Huchora jedwali lenye safu tatu: chupa, kilichokuwamo, kilichotokea. Huandika mianzo ya sentensi, ili mtoto asianze na ukurasa mtupu bali amalizie sentensi iliyoanzwa. Kwanza husema kwa mdomo, kisha huandika. Mwalimu husema polepole, hutumia neno lile lile kwa kitu kile kile, wala habadilishi leo kuliita hivi na kesho vile kwa ajili ya kuonyesha ufasaha wake. Akimwuliza mtoto swali, hungoja. Mtoto anayetafsiri kichwani huhitaji kitambo, na mwalimu asiyengoja huishia kuwasikia wale watatu wa mbele peke yao.

Mwisho wa somo, watoto huchukua daftari la maneno. Upande mmoja huandika neno la Kiingereza, katikati huchora picha au mfano, na upande wa tatu huandika maana kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Kazi ya nyumbani ni kutazama vyombo vya baba na mama: kwa nini jembe hupakwa mafuta kabla ya kuwekwa ghalani? Kwa nini mabati yamepakwa zinki? Kwa nini sufuria ya alumini haipati kutu nyekundu? Somo lililoanzia katika chupa humalizika shambani.

WANAOPINGA

Wapo watu wenye akili wanaopinga njia hii. Husema kwamba mtihani wa kumaliza sekondari huandikwa kwa Kiingereza, vitabu vya chuo kikuu ni vya Kiingereza, na daktari wa Kenya akitaka kujua habari za dawa mpya atazisoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto azoezwe mapema, asipewe gongo la kutegemea. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe afungiwe mlango wa dunia.

Lakini jambo linalogombewa hapa si kama mtoto ajue Kiingereza au asikijue. Ni njia gani humfikisha huko. Mtu hafundishwi kuogelea kwa kufungwa jiwe. Miaka ya zamani, katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakipitisha kwa mwenzake atakayekosa baada yake, na jioni wote waliokishika waliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza desturi hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1986. Wapo waliopita katika mashule hayo wakawa mabingwa wa Kiingereza. Lakini katika somo la sayansi, kimya ni hasara kubwa, kwani sayansi huanza kwa kuuliza, na mtoto aliyefundishwa kuogopa kinywa chake hataliuliza swali lililo moyoni mwake.

Tena kuna jaribio lililofanywa kwa uangalifu katika Afrika yenyewe. Mwaka wa 1970, katika mji wa Ile-Ife huko Nigeria, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianza mpango wa miaka sita katika shule ya msingi. Kundi moja la watoto lilifundishwa masomo yote, sayansi ikiwamo, kwa Kiyoruba tangu darasa la kwanza hata la sita. Kiingereza walikisoma kama somo, tena kwa mwalimu aliyekihitimu hasa. Kundi la pili lilifuata desturi ya kawaida: Kiyoruba kwa miaka mitatu, kisha Kiingereza kwa masomo yote. Wengi walitazamia kwamba kundi la kwanza lingeachwa nyuma katika Kiingereza. Haikuwa hivyo. Watoto hao walifaulu katika masomo kuliko wenzao, na katika Kiingereza hawakushindwa. Kwa ajili ya mpango huo walimu walilazimika kuunda maneno ya Kiyoruba ya hesabu na sayansi, kama vile wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyotoa mwaka wa 1990 kamusi ya Kiswahili ya biolojia, fizikia na kemia.

Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba kila shule iache Kiingereza. Lilionyesha kwamba lugha ya nyumbani haimwibii mtoto lugha ya kigeni, na ya kwamba Kiingereza hujifunzwa vyema zaidi kwa mwalimu mzuri wa Kiingereza kuliko kwa kukaa bila kuelewa katika somo la fizikia.

SWALI LA ERASTO MPEMBA

Habari moja iliyotokea katika Tanganyika yastahili kujulikana na kila mwalimu na kila mzazi. Mwaka wa 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Vijana wa shule hiyo walizoea kutengeneza barafu ya maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa haba, na mwenzake mmoja alitia maziwa yasiyochemshwa kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayatia yake yangali moto. Walipofungua baada ya saa moja na nusu, yale ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakusahau. Aliwasikia wauzaji wa barafu wa mji wa Tanga wakisema kwamba nao huutia mchanganyiko wao ukiwa moto ili ugande upesi. Alipokwenda Shule ya Mkwawa huko Iringa aliuliza tena, akaambiwa kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu bali ni fizikia ya Mpemba, na wenzake wakalifanya neno hilo kuwa la mzaha kila alipokosea. Kisha siku moja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza, mbele ya shule na kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya mama yake: ukichukua vyombo viwili sawa vyenye maji kiasi sawa, kimoja chenye digrii 35 na kingine digrii 100, ukavitia katika friji, kile cha digrii 100 hutangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake walimcheka. Dk. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yalitangulia, akaongeza kwamba atarudia kujaribu mpaka apate jibu lililo sahihi. Majaribio yaliendelea, na mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala iliyochapishwa Uingereza katika jarida la walimu wa fizikia. Tangu hapo jambo hilo limeitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu wangali wanabishana juu yake: wapo wanaotaja kupungua kwa maji kwa mvuke, wapo wanaotaja mizunguko ya maji ndani ya chombo, na wapo ambao katika majaribio yao hawakuliona kabisa. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba heshima yake. Swali lake limewapa kazi wataalamu kwa zaidi ya miaka 50.

Kuuliza si ujinga, wasema wahenga. Laiti kijana yule angekubali kunyamaza alipoambiwa amechanganyikiwa, swali lile lingekufa katika jiko la shule. Wako wangapi walionyamaza, si kwa kukosa swali, bali kwa kukosa maneno ya Kiingereza ya kuliulizia?

KAZI YA MZAZI

Mzazi aweza kusema kwamba mambo haya ni ya walimu na ya Wizara. Sivyo kabisa. Hata mzazi asiyejua neno moja la Kiingereza ana sehemu yake, na sehemu hiyo haihitaji fedha.

Jioni mtoto arudipo shuleni, aulizwe ni jambo gani la sayansi amejifunza, naye aeleze kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kumweleza nyanya yake sababu ya maziwa kuganda, basi amelielewa somo, na Kiingereza chake kitapata mahali pa kukaa. Akishindwa kueleza, lakini aweza kukariri sentensi nzima ya kitabu, hapo pana jambo la kumwambia mwalimu.

Mbuzi anapochinjwa, mtoto aitwe aonyeshwe sehemu nne za tumbo, mapafu na vyumba vya moyo. Wakati wa kupanda, apewe punje kumi azioteshe katika mikebe, nyingine gizani na nyingine penye mwanga, na aandike kila siku aliyoyaona. Akiuliza swali ambalo baba hana jibu lake, asikaripiwe. Aambiwe alichukue shuleni, na kesho yake aulizwe mwalimu alijibu nini.

Karani naye, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika Kiingereza, ana msaada wa pekee wa kutoa. Avisome vitabu vya sayansi pamoja na mtoto, amwonyeshe vile viungo vidogo vya sentensi, na amfundishe kutofautisha neno la ofisini na neno la maabara. Lakini ajihadhari asiigeuze sebule kuwa chumba cha mtihani. Mtoto akisema jambo la kweli kwa Kiingereza kibovu, kwanza asifiwe kwa ukweli wake, kisha sentensi isahihishwe taratibu. Na mzazi aendapo kuzungumza na mwalimu juu ya taarifa ya muhula, asiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Aulize pia: katika makosa haya, ni mangapi ya sayansi, na ni mangapi ya lugha?